Fundi wa Mbabula Anayejifunza Kungoja

ELISABETHVILLE, Septemba 1962

Saa moja na nusu asubuhi, Casimir Chola amesimama mbele ya nyumba yake katika mtaa wa hapa mjini uitwao Kenya, ameshika mpini wa ndoo tupu, na wala hana habari na maji. Anauvuta mpini hadi kifuani, anauachia taratibu, kisha anatulia. Mbele yake, juu ya kigoda, mkewe Mujinga anachambua maharage na kumsimulia ugomvi uliozuka jana bombani. Chola haruhusiwi kuvuta tena mpaka mkewe amalize maneno yake.

"Miaka kumi na mbili ya ndoa," Mujinga anamwambia mwandishi bila kuinua macho kwenye ungo, "na hii njo mara ya kwanza bwana yangu ananingojea nimalize kusema. Hii masomo iko muzuri sana. Bangeianza zamani."

Majirani wanacheka. Kijana mmoja mwenye baiskeli anapunguza mwendo na kuuliza kama ndoo imetoboka. Jasho limeanza kumtoka Chola, na jua lenyewe bado changa.

Ana miaka thelathini na minne. Kwa miaka kumi na mitano watu wa Kenya wamemjua kama fundi wa mbabula, yale majiko ya makaa yanayokatwa kutoka kwenye mapipa ya mafuta. Leo, saa nne kamili, anafanya mtihani wa mwisho wa shule ya pumzi katika hospitali moja ya hapa mjini. Alishaanguka mara moja, mwezi wa tatu. Sheria ya shule inampa mwanafunzi mara mbili tu, hakuna ya tatu.

"Nikianguka leo, narudi ku mapipa yangu na nyundo yangu," anasema. "Kazi ya nyundo haiko mubaya. Lakini kuko bantu bawili batatu mu ile hospitali, mimi sitaki kubaacha."

Msomaji asitafute jengo la shule hiyo, hatalipata. Ni chumba kimoja nyuma ya wadi, mabenchi manne, ubao, na picha ya mapafu iliyobandikwa ukutani kwa plasta ya vidonda. Ilifunguliwa mwezi wa pili mwaka jana na mtawa mmoja muuguzi, Masœur Hedwige, mwanamke mfupi mwenye sauti ya sajenti. Shule inafundisha jambo moja: kumsaidia mtu ambaye pumzi imemgomea. Wanafunzi wanajifunza kufungua chupa ya oksijeni bila kumlipua mtu, kunyonya makohozi kwa mpira, kumlaza mchimba madini aliyejaa vumbi kifuani na kumgonga mgongo mpaka akohoe. Na zaidi ya yote wanajifunza sanduku.

Sanduku la pumzi ni la mbao, refu kama kitanda, lina magurudumu manne. Lilikuja kwa treni kutoka Rodezia ya Kaskazini, likapita Sakania mpakani, miaka mitatu iliyopita. Mgonjwa analala ndani, kichwa peke yake kiko nje, shingo imezungushiwa mpira laini. Chini, upande wa miguu, kuna mvukuto wa ngozi unaoendeshwa na mota. Mvukuto ukinyonya hewa ya sandukuni, kifua cha mgonjwa kinapanda na pumzi inaingia. Mvukuto ukiachia, kifua kinashuka na pumzi inatoka. Mara kumi na sita kwa dakika, usiku na mchana. Umeme ukikatika, kuna mpini wa chuma ubavuni. Mtu anaushika na yeye ndiye anakuwa mota.

Na katika mji huu, kwa miaka hii miwili, nani hajaona umeme ukikatika?

Walianza kumi na mmoja darasani. Wamebaki wanne. Wengine walipanda treni kwenda Kasai pamoja na jamaa zao, mmoja hakuonekana tena baada ya mapigano ya Septemba mwaka jana, na wengine walipiga hesabu za faranga mia tisa za mwanafunzi kwa mwezi wakaona heri soko. Kaka wawili wa Mujinga nao wameondoka, maana ukoo wao ni wa Kasai na mwaka jana hali ilikuwa mbaya kwao. Yeye alibaki.

"Niende wapi?" anasema. "Bwana yangu iko hapa. Na yeye iko na mutihani."

Lakini fundi wa mapipa alifikaje shule ya hospitali? Kwa mlango wa nyuma, kweli. Mwezi wa kumi mwaka 1960, wakati wa kiangazi kikali kabla ya mvua, ngozi ya mvukuto wa sanduku ilipasuka. Vipuri vilikuwa ng'ambo na mipaka ilikuwa vurugu. Mtu mmoja akamwambia Masœur Hedwige kwamba Kenya kuna fundi anayejua mivukuto. Chola akaitwa, akaja na ngozi ya mbuzi, uzi na nta, akaishona siku ile ile.

Mivukuto ameijua tangu utoto. Baba yake alikuwa mhunzi karibu na Sakania, na kazi ya kwanza ambayo Chola alipewa maishani ilikuwa kuendesha mivukuto miwili, mkono wa kushoto na mkono wa kulia, kwa zamu, ili moto usikose upepo hata kidogo.

"Baba alikuwa anasema kazi yangu iko moja, upepo usikatike," anakumbuka. "Ukipumuzika kidogo tu, chuma inapoa, na baba naye anapata moto."

Masœur Hedwige anasema aliona ile mikono ikijaribu mvukuto mpya, akaona haichoki. Akamuuliza kama anajua kusoma. Anajua, alimaliza miaka sita ya misheni. Akamwambia arudi mwezi wa pili na daftari.

"Nilifurahi mno," mtawa huyo anasema leo, akitikisa kichwa. "Nilidhani nimepata mtu ambaye tayari amefundishwa. Kumbe amefundishwa kazi nyingine kabisa."

Ndani ya sanduku yumo Annie Mwape. Ana miaka ishirini na miwili. Alikuwa akikaanga maandazi karibu na soko la Kenya mpaka mwezi wa kumi na moja mwaka 1960, alipopata homa ya siku nne na kuamka siku ya tano miguu haimsikii, mikono haimsikii, na kifua kinakataa kazi. Polio, madaktari walisema. Anahisi kila kitu, hata inzi akimtua mguuni, ila hawezi kumfukuza. Dunia anaiona kwa kioo kilichofungwa juu ya kichwa chake. Anaweza kuzungumza, lakini kwa masharti: maneno yanatoka pamoja na pumzi. Mvukuto unapoachia, anasema maneno mawili matatu. Unaponyonya, ananyamaza na kungoja zamu yake.

Haya, sasa ndiyo tunafika kwenye siku ambayo Kenya nzima inamsifia Chola, na yeye mwenyewe haipendi hata kuitaja.

Ilikuwa Desemba mwaka jana, siku za mapigano kati ya askari wa Katanga na wa Umoja wa Mataifa. Saa saba mchana umeme ulikatika hospitalini. Barabara zilifungwa, wahudumu wa zamu ya pili hawakuweza kufika, na Masœur Hedwige alikuwa jengo la pili akipokea majeruhi. Katika chumba cha sanduku alikuwako Chola peke yake. Akashika mpini.

Aliuvuta masaa matano. Mabomu yalikuwa yakianguka mjini, vioo vinatetemeka, na yeye anavuta. Mwenzake wa darasani, Clovis, alifika saa kumi akiwa ametambaa mitaroni, akataka kumpokea. Chola akakataa kuuachia. Umeme uliporudi jioni, vidole vyake havikufunguka. Ilibidi Clovis amkunjulie kimoja kimoja.

Habari ikafika mtaani kabla yake. Wanawake walimpigia vigelegele. Muuza nyama alimpa kilo mbili za bure. Hata leo, ukimtaja Chola pale Kenya, watakuambia: yule aliyempumulia mtoto wa watu kwa mikono yake.

Ila Annie, mota ilipoanza tena na pumzi ikamrudia sawasawa, alisema maneno haya, nayo yakaandikwa kwenye daftari la wadi kwa mkono wa Masœur: "Huyu… asinishike tena… hata siku moja."

Jamani! Mtu amekuokoa, na neno lako la kwanza ni hilo?

Chola anakiri kwamba alikasirika. "Nililia ku njia," anasema. "Nikamuambia bibi yangu, yule binti haiko na shukurani. Nilikuwa na malengelenge ku mikono, na yeye ananifukuza! Miezi miwili, mitatu, nilikuwa napita mbele ya mulango yake kama simuone."

Hakuna aliyemwambia sababu, kwa kuwa hakuna aliyeijua. Annie hakutaka kueleza. Darasani Chola alikuwa akifanya vizuri kila siku: Masœur anasimama kando na saa yake iliyobanwa kifuani, anahesabu kwa sauti, na Chola anafuata hesabu. Siku ya Desemba hakukuwa na wa kumhesabia.

Ukweli ulitoka mwezi wa tatu, siku ya mtihani wa kwanza. Mtihani wa shule hii una desturi yake, na sijui kama kuna shule nyingine duniani yenye desturi hiyo: mtahini ndiye analala sandukuni, si lile la Annie bali la mazoezi, lisilo na mota, lililoundwa hapa hapa kwa mfano wake. Masœur Hedwige alivua viatu, akaingia, akafungiwa mpira shingoni, akaulegeza mwili. Chola akaanza.

"Dakika ya kwanza ilikuwa sawa," Masœur anaeleza. "Halafu akashika moto. Nasema moto makusudi. Alisahau kwamba mimi nipo. Pumzi haijatoka, ananyonya tena. Nikajaribu kumwambia polepole, lakini nikianza neno, analivuta na kulirudisha ndani. Kichwa kikazunguka, midomo ikanifa ganzi. Mimi ninaweza kupumua mwenyewe, nikapigana naye mpaka Clovis akaona uso wangu. Nikawaza, Mungu wangu, Annie hawezi kupigana. Annie alikaa hivi masaa matano."

Alitoka mle mwekundu kama nyanya. Hakumgombeza. Alimwambia Chola aingie yeye.

Kila mwanafunzi alikuwa ameshalala mle ndani mara nyingi, lakini hakuna aliyewahi kulala chini ya mikono yake mwenyewe. Masœur akamwamuru Clovis avute kama Chola anavyovuta: bila kituo, kwa nguvu, upepo usikatike. Chola alidumu dakika mbili.

"Nilitaka kusema acha," anasema, na sauti yake inashuka. "Neno fupi vile! Halikutoka. Nikasema moyoni, kumbe ile siku alikuwa ananiita, na mimi sikumusikia. Masaa matano alikuwa ananiita. Mimi nikarudi ku nyumba na nyama ya bure."

Moto unataka upepo uingie tu. Mapafu yanataka upepo uingie, halafu utoke, halafu kidogo utulie. Kile kituo ambacho baba yake alimchapia ndicho Masœur alichokitaka kwake, na mikono ya Chola ilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane ya kukikwepa.

Masœur Hedwige akamwandikia sifuri. Kisha akamwambia mtihani wa pili hatautahini yeye. "Mimi naweza kutoka mle ndani. Yeye hawezi. Utamvuta Annie nusu saa, na akisema ndiyo, unapata cheti. Akisema hapana, au akikataa hata kuanza, basi tumemalizana."

Mwanafunzi mwingine angekusanya daftari zake siku ile. Clovis anasema yeye mwenyewe angefanya hivyo. Chola alikwenda chumba cha Annie, akavuta kiti, akakaa.

Hakugusa kitu. Alikaa kila siku saa nzima baada ya masomo, akisikiliza mota inavyonyonya na kuachia, na jinsi Annie anavyozungumza na wauguzi katika zile nafasi. Annie alimwona kwenye kioo na kumnyamazia. Juma la kwanza, la pili, la tatu. Siku ya ishirini na moja uvumilivu ukamwisha.

"Ile kiti… iko ya bageni," alisema.

"Basi mimi iko mugeni, Ba Annie," Chola akajibu, kwa ile "Ba" ya heshima. "Nimekuja kuomba pole."

"Na unaomba pole… kwa kukaa tu?"

"Ile siku nilisema sana kwa mikono. Sasa nanyamaza."

Annie anasema hakumsamehe siku ile, na watu wasimsingizie. Alimwambia tu asogeze kiti, kwa sababu kilikuwa kinaziba dirisha kwenye kioo. Lakini kesho yake alimsimulia jinsi ilivyokuwa. Vidole vilivyowasha na kujikunja. Dari lililozunguka. Jinsi alivyomtazama kwenye kioo, fundi mwenye macho yaliyokazwa ukutani, asiyemtazama hata mara moja.

"Kufa… sikuogopa sana," alisema. "Niliogopa kufa… na muntu iko pale… na hanisikii."

Chola alifika nyumbani, akachukua ndoo, akamwambia Mujinga: sema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Mimi nitavuta ukimaliza."

Ndivyo mazoezi yalivyoanza, miezi mitano iliyopita. Mujinga si mtu wa kukosa la kusema. Alimsomea barua za kaka zake, alimtajia bei za sokoni, alimgombeza kwa makosa ya mwaka 1953. Kila mikono ilipowahi neno, alimrushia punje ya harage usoni. Mwanzoni, anasema, sufuria nzima iliishia chini. Sasa hurusha mbili tatu tu.

Kazi ya karakana iliumia. Mikono iliyojifunza kungoja ilianza kungoja hata kwenye moto. Chuma kikapoa kabla ya kukunjwa, mbabula mbili zikapasuka mshono, mteja mmoja akamwambia hospitali imemharibu. Chola alimrudishia pesa yake. Anasema alifurahi kimoyomoyo, kwani aliona mikono imeanza kusahau.

Na Annie je? Kwa nini alikubali leo? Mwandishi alimuuliza, na jibu lake halina mapambo. Waya wa mota una mita tatu. Toka alipoingia sandukuni hajavuka mlango wa kile chumba, karibu miaka miwili. Kwenda barazani kunataka mikono ya mtu, na Masœur haruhusu mikono isiyo na cheti.

"Clovis anajua kuvuta… lakini Clovis anaogopa… kunitoa," alisema. "Huyu mukaidi… haogopi. Basi nikasema… mutihani ufanyike inje. Nataka kuona barabara. Akiniua… nitakuwa nimeiona."

Saa nne kamili. Clovis na mhudumu mmoja wamesimama kichwani mwa sanduku tayari kusukuma. Chola yuko ubavuni, mkono kwenye mpini. Masœur Hedwige anazima mota, na chumba ambacho hakijazoea kimya kinakuwa kimya.

Chola anavuta. Kifua cha Annie kinapanda. Anaachia. Na kisha, kwa hesabu ya moyo wa mwandishi iliyokuwa ikienda mbio, anatulia mwaka mzima. Anavuta tena.

Annie hasemi neno. Macho yake yamekaza kwenye kioo, kwenye uso wa Chola, na safari hii Chola naye anamtazama. Sanduku linasukumwa, magurudumu yanalia, linavuka kizingiti kwa mshtuko mdogo. Mkono wa Chola haukurupuki. Wanafika barazani. Dakika tano zimepita na Annie bado amefunga mdomo. Mishipa ya shingo ya Chola imesimama. Masœur anatazama saa yake na hasaidii hata kwa kukohoa.

"Ba Annie," Chola anasema hatimaye, "niambie kitu. Tafazali. Mimi bila sauti yako sijue niko wapi."

Pumzi moja, ya pili, ya tatu.

"Mbabula yangu," Annie anasema, "ile ya maandazi… uliniuzia wewe."

Chola nusura acheke. Anangoja neno limalizike, anavuta.

"Ilikuwa… na mguu mufupi. Ilikuwa inacheza… kila siku. Mafuta yalikuwa yananiungulia."

"Nitaitengeneza."

"Utatengeneza mupya. Ya bure."

"Nusu bei."

"Mwanaume… nimelala mu sanduku… na wewe unasema… nusu bei?"

Wauguzi waliokusanyika mlangoni wanaangua kicheko. Hata Masœur Hedwige anageuka kidogo. Kenya yenyewe haijapata kuona mapatano ya bei marefu namna ile: maneno matatu, kituo, maneno matatu, kituo. Na Chola hamkatizi hata mara moja. Yeye ambaye, kwa ushahidi wa mkewe, hakuwahi kumngojea mtu amalize.

Mapatano yanaishia kwenye mbabula ya bure, miguu minne iliyo sawa. Annie anageuza macho kwenye kioo. Huko kuna barabara. Kuna mijakaranda iliyoanza kutoa maua, mwanamke mwenye beseni la nyanya kichwani, baiskeli, mbwa, lori la askari linalopita polepole. Anavitaja kimoja kimoja kama mtu anayeita majina ya jamaa. Jua linamfika usoni. Maneno yanapungua. Mawili. Moja. Kisha hakuna.

Chola anamtazama haraka. Kifua kinapanda, kinashuka. Midomo ina rangi yake. Macho yamefumba.

Amelala. Amengoja karibu miaka miwili kuiona barabara, na barabara iko pale mbele yake, na yeye amelala usingizi mikononi mwa mtu ambaye alisema asimshike tena.

Chola analia wazi, mbele ya watu, bila kujifuta, mikono yake ina kazi. Bila sauti ya Annie, bila hesabu ya Masœur, mkono unakwenda: vuta, achia, tulia.

Kwa sauti ndogo, ili asimwamshe, anamweleza mwandishi anachotaka kufanya na cheti hicho akikipata. Anataka kutengeneza mvukuto wa mkono mdogo zaidi, wa ngozi ya mbuzi na mbao za hapa hapa, kwa ajili ya zahanati ya Sakania ambayo haina hata umeme wa kukatika. Anataka kila zahanati ya njia ya reli iwe na watu wawili wanaojua kuvuta. Ameshachora, mchoro uko kwa Mujinga.

"Mvukuto iko rahisi," ananong'ona. "Kumufundisha muntu kungoja, njo itatukamata wakati."

Saa nne na nusu, Masœur Hedwige anainua kidole. Nusu saa imekwisha. Anamwashiria Clovis alirudishe sanduku ndani, kwenye waya. Chola anatikisa kichwa. Mota ina kelele, na kizingiti kina mshtuko.

Masœur anatazama saa, anamtazama Annie, kisha anaketi kwenye ngazi za baraza. Hakuna anayesogea. Inapita robo saa, inapita nyingine. Clovis ananyoosha mkono kumpokea, na safari hii Chola anampa mpini pumzi ishirini, anakunja na kukunjua vidole vyake, halafu anaupokea tena bila pumzi kupotea.

Saa tano na dakika ishirini Annie anafumbua macho. Anaiona barabara, anamwona Masœur kwenye ngazi, anawaona watu wote wamesimama kimya. Inamchukua pumzi mbili kuelewa.

"Mutihani?" anauliza.

"Uliisha zamani," anasema Masœur. "Tunangoja jibu lako."

Annie anamtafuta Chola kwenye kioo mpaka anampata.

"Ndiyo," anasema. Pumzi inaingia, inatoka. "Lakini juu ya nini… hamukuniamusha?"

Chola anangoja mpaka neno la mwisho litoke lote. Anavuta, anaachia.

"Ulikuwa hujamaliza," anasema.